Nyama ya Nanasi Kwenye Karai: Adui ni Maji

REHEMA: Karibuni tena jikoni. Leo tuna nyama ya ng'ombe ya kukaanga haraka na nanasi, ile yenye utamu, uchachu na chumvi kwa pamoja. Kaka Sele, kuna malalamiko yaleyale kila mara: mtu anataka nyama ya kukaanga, anapata mchuzi wa kijivu. Kwa nini?

SELE: Maji, da Rehema. Nyama ina maji, nanasi lina maji, hoho ina maji. Karai likipoa kidogo tu, maji yanatoka haraka kuliko yanavyokauka, na kuanzia hapo unachemsha, hukaangi tena.

REHEMA: Tuanzie bucha basi. Nusu kilo inatosha watu 4 wakiwa na wali.

SELE: Omba sarara, au steki isiyo na mishipa. Nyama ya mguu waachie wapika supu; ile inataka saa 2, na hapa nyama inakaa motoni chini ya dakika 3. Ukifika nyumbani iweke kwenye friza dakika 30 hadi 40, ikaze bila kuganda. Nyama laini inakimbia kisu, vipande vyembamba huvipati.

REHEMA: Vyembamba kiasi gani?

SELE: Milimita 3 hadi 4. Ila wembamba hausaidii ukikosea upande. Iangalie nyama kwa karibu: utaona mistari imelala upande mmoja, kama ukindu kwenye mkeka. Kisu kiikatize hiyo mistari. Ukiifuata, kila kipande kinabaki na nyuzi ndefu, na mlaji anatafuna kamba.

REHEMA: Na nyama iliyochinjwa alfajiri, mchana iko jikoni? Hiyo inakaza hata ukiikata vizuri.

SELE: Hapo tumia soda ya kuokea. Nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo, na vijiko 2 vya chakula vya maji, changanya, acha dakika 15. Halafu isuuze kwa maji baridi na uikaushe kwa kitambaa safi. Soda inapunguza tindikali juu ya nyama, protini hazijikazi sana zikipata moto, kwa hiyo nyama haijikamui maji yake kwenye karai. Usizidishe, ikizidi inaacha ladha ya sabuni.

REHEMA: Sasa mtu atauliza, kama nanasi linalainisha nyama, soda ya nini? Huku Pwani mishkaki tunailainisha kwa papai bichi.

SELE: Swali zuri, na ndipo wengi wanapoharibu. Papai bichi lina papaini, nanasi lina bromelaini; vyote ni vimeng'enya vinavyokata protini. Lakini mshikaki ni kipande kinene, kimeng'enya kinakula juu tu, ndani kunabaki na nyama. Kipande cha milimita 3 hakina ndani. Kilaze kwenye nanasi bichi, yaani ambalo halijapikwa hata kama limeiva, usiku kucha, asubuhi kibonyeze kwa kidole: kinapakaa kama ini lililopondwa. Kwenye karai kinavunjika, hakiwi rangi ya hudhurungi.

REHEMA: Kwa hiyo nyama na nanasi bichi vikae mbali mbali mpaka mwisho.

SELE: Mbali kabisa. Moto mkali unaua kimeng'enya, ndiyo maana nanasi la kopo halilainishi chochote: limeshapashwa moto kiwandani. Ukiwa na la kopo, pika, ila punguza sukari kwenye rojo.

REHEMA: Viungo vya nyama?

SELE: Sosi ya soya kijiko 1 cha chakula, konflawa kijiko 1, mafuta kijiko 1, pilipili manga. Konflawa inaifunika nyama na kuzuia maji. Mafuta yanazuia vipande visigandane. Sukari usitie hapa, wala asali. Itaungua kabla nyama haijapata rangi, na chakula chote kitakuwa na uchungu.

REHEMA: Tuje kwenye tunda. Nanasi la Kiwangwa, kule Bagamoyo, likiwa limeiva sana ni tamu la kula, lakini hapa?

SELE: Chagua lililoiva lakini gumu mkononi, lenye uchachu kidogo. Gramu 250, vipande vya sentimita 2, bila kile kiini cha katikati. Vipanguse. Halafu, na hili msilikwepe, vikaange peke yake kwanza, karai la moto na tone la mafuta, dakika 1 kila upande bila kukoroga. Maji ya juu yanakauka, sukari yake inapata madoa ya hudhurungi, na hapo ladha inabadilika kabisa. Vitoe, weka pembeni.

REHEMA: Embe je?

SELE: Dodo linaloanza kuiva linafaa sana. Embe lililoiva kabisa litayeyuka, na papai bivu ni hivyo hivyo.

REHEMA: Rojo changanya mapema, kwenye bakuli: maji ya nanasi vijiko 6 vya chakula, sosi ya soya 2, siki 1, sukari kijiko 1 cha chai, konflawa kijiko 1 cha chai. Chumvi usiguse mpaka uonje, soya ina chumvi ya kutosha.

SELE: Na ikoroge tena kabla ya kumimina, maana konflawa inazama chini ya bakuli.

REHEMA: Twende motoni.

SELE: Karai la chuma, moto wa mwisho. Mkaa pia unafaa ukishashika vizuri wote. Tone la maji likiruka na kupotea, tia mafuta vijiko 2. Nyama igawe mara mbili, gramu 250 kwa gramu 250; jiko la nyumbani haliwezi nusu kilo kwa mkupuo. Itandaze, kisha mikono mbali kwa sekunde 50. Geuza, sekunde 30, toa ikiwa bado na wekundu kidogo. Usikilize mlio: ukisikia kuchachatika kukigeuka kububujika, umejaza karai.

REHEMA: Baadaye kitunguu 1 na hoho 2, vipande vikubwa, dakika 1 na nusu. Tangawizi na kitunguu saumu mwisho, sekunde 20, vinaungua upesi.

SELE: Halafu nyama na nanasi virudi, mimina rojo pembeni mwa karai, koroga mpaka lichemke na ling'ae. Ni chini ya dakika 1. Ukiendelea kuchemsha, uchachu unavunja konflawa na rojo linarudi kuwa jepesi.

REHEMA: Na likiwa zito kama gundi?

SELE: Kijiko 1 cha maji ya moto. Kijiko, siyo kikombe. Na wali uwe umeiva kabla hujawasha karai, kwa sababu nanasi linaendelea kutoa maji hata kwenye sahani. Dakika 10 tu, rojo limeshalegea.