Kusoma si Kuimba Silabi: Stadi za Msingi Darasa la Kwanza na la Pili

Ndugu walimu, wazazi na walezi, karibuni.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza Tanzania mwaka 2015 uliweka mbele stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Leo tutakaa zaidi kwenye kusoma, maana huko ndiko tunakodanganyika upesi. Mtoto anaimba "ba be bi bo bu" bila kukosea, nasi tunafurahi. Funikeni mstari huo, andikeni "bo" peke yake, kisha "li", kisha "mu". Akinong'ona "ba be bi" ili aifikie "bo", huyo bado anakariri.

Kazi huanzia masikioni, kabla ya chaki. Mtoto apige kofi moja kwa kila silabi. Ki-ti, makofi mawili, mbu-zi, mawili. Mbu naye ana mawili, m-bu, kama m-tu na n-chi. Asiyeisikia hiyo "m" kama silabi kamili huiacha anapoandika.

Herufi zifundishwe kwa sauti zake, si kwa majina. Aliyezoea kuita b "be" huunganisha "be" na "a" akapata "bea". Anzeni na irabu tano, kisha konsonanti zinazovutika mdomoni kama m, l na s. B na k hukatika ghafla, hivyo kuziunganisha na irabu ni kugumu zaidi. Kwa irabu, m na l tu tayari mnayo lala, mali, lima, ulimi na mlima. Wasome maneno hayo wiki hiyohiyo, wasisubiri alfabeti iishe! b na d zipishane kwa wiki kadhaa, kwa kuwa umbo ni lilelile, limegeuzwa upande tu. Sh, ny na ng zije baadaye, na "ng'ombe" liandikwe kando ya "ngoma" ili mtoto aone kazi ya ile alama ndogo.

Akisoma "kula" palipoandikwa "kura", huenda ni matamshi ya lugha ya nyumbani. Muulizeni maana kabla ya kumwekea kosa.

Kisha kuna urefu wa vitenzi vyetu. "Hawakunisubiri" lina silabi saba. Anayekokota mojamoja, akifika "ri" ameshasahau mwanzo. Mkatieni vipande vikubwa, hawaku-ni-subiri, na kifungu kifupi cha sentensi nne au tano akisome mara tatu. Mara ya tatu ndipo akili inapopata nafasi ya kuelewa.

Na kuelewa kupimwe kweli. "Mto ulijaa. Asha hakwenda shule." Swali la "Nani hakwenda shule?" hujibiwa kwa kunakili. Ulizeni "Kwa nini?", mtoto aunganishe sentensi mbili mwenyewe.

Kwenye kuhesabu nitaje jambo moja. Akiambiwa "thelathini na tano", mtoto mara nyingi huandika 305, kwa kuwa anaandika anachosikia: 30, halafu 5. Kumkaripia hakumfundishi chochote. Fungeni vijiti kumikumi; mafungu matatu yakae kushoto, vijiti vitano kulia, chini yake aandike 35. Palepale mpeni 53, ahamishe mwenyewe mafungu na vijiti.