Pemba Haikuzaliwa Ngome

Assalaam alaykum. Bwana mwenyekiti kanipa dakika ishirini, na anajua fika kuwa hazitanitosha.

Mada ni siasa za Pemba, na nianze na kura moja. Walioniskia nikiisema mwaka jana wavumilie. Uchaguzi wa Januari 1961, jimbo la Chake Chake, Pemba: ASP, yaani Afro-Shirazi, ilishinda kwa kura moja. Moja! Mpaka leo sijakutana na ukoo wa Chake usiokuwa na babu aliyeipiga kura hiyo. Na walioshindwa nao, kila ukoo una mjomba ambaye siku ile alikuwa juu ya mkarafuu, kasema atateremka baada ya alasiri. (Kicheko.) Chekeni, lakini ifuateni kura ile ilikokwenda. Viti vya Zanzibar nzima vilikuwa 22: ASP 10, Hizbu, yaani chama cha ZNP, 9, na ZPPP, chama cha tatu, 3. ZPPP wakagawika, wawili wakaenda Hizbu, mmoja ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja. Serikali haikuundika, uchaguzi ukarudiwa Juni, na Unguja wakauana watu, roho 68. Kura ile ingelalia upande wa pili, kwa mgawiko ule ule Hizbu na wenzao wangekuwa na viti 12 Januari hiyo hiyo. Mjomba angeteremka mapema!

Kwa nini naing'ang'ania? Kwa sababu nimechoka kusikia "Pemba ni ngome ya upinzani", kama kwamba upinzani unaota pale pamoja na muhogo. Jimbo linaloamuliwa kwa kura moja ni ngome ya nani? Hata Julai 1963, uchaguzi wa mwisho kabla ya Mapinduzi, katika kila Wapemba mia waliopiga kura, zaidi ya arubaini waliipa ASP. Viti iliambulia kidogo, hiyo ni hesabu ya majimbo, lakini watu walikuwepo. Kijiji kimoja, msikiti mmoja, vyama viwili vitatu.

Haya, njooni 1995. Viti vya Pemba 21, na CUF, chama cha upinzani, ikachukua vyote 21; CCM, mrithi wa ASP, haikupata hata kimoja. Mnauliza mkumbo ulitoka wapi. Mimi nauliza wale arubaini na watoto wao walikwenda wapi.

Waulizeni wazee wa Micheweni. Watakwambieni habari za bakora baada ya Mapinduzi, mtu mzima anachapwa mbele ya wakwe zake. Watakwambieni njaa ya mwanzo wa miaka ya sabini. Halafu karafuu. Mkarafuu wako, umepanda babu yako, umechuma na wanao, umeanika mwenyewe, lakini miaka hiyo mnunuzi alikuwa mmoja tu, shirika la serikali, na bei akipanga yeye, sehemu ndogo ya ile ya soko la dunia. Ukitia gunia katika ngalawa usiku kuelekea Mombasa, wewe ni mhalifu. Mtu wa namna hiyo hahitaji kusomewa ilani ya chama. Anajua apige wapi, anasubiri sanduku tu, na sanduku lenye chama zaidi ya kimoja lilichukua miaka 32 kurudi.

Najua kuna kijana pale nyuma anasema, "Mwalimu, hawa walikuwa wakimfuata Maalim Seif, kiongozi wa CUF, tu." Walimfuata, ndiyo. Machi 2019 alipotoka CUF kwenda chama kingine cha upinzani, ACT-Wazalendo, akasema shusha tanga, pandisha tanga, matawi yalibadilisha bendera siku ile ile. Watu walilala CUF wakaamka zambarau, rangi ya ACT. Lakini Maalim huyo huyo, mtoto wa Mtambwe, Pemba hiyo hiyo, alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, mtu wa CCM, tangu 1984! Chama kilikuwa naye mkononi. Kikamvua cheo 1988, kikamfukuza uanachama mwaka huo huo. Sasa nani aliyejenga ngome?

Na msidhani naisifu. Kijijini kwetu miaka ile ya tisini kulikuwa na baraza mbili, ya CCM na ya CUF, hatua thelathini baina yao. Kura ni siri sandukuni, lakini barazani haina siri: duka unalonunulia chumvi ndiyo kura yako. Alifariki bwana mmoja wa CCM, na alikuwa ndiye aliyenifundisha mimi kukwea mnazi. Waliokuja kuzika hawakutosha kupokezana jeneza. Mama yangu alitutoa sisi wanawe kwa fimbo: "Nendeni mkamzike, mtarudi muendelee na ujinga wenu." Tulikwenda. Kurudi, muuza duka wa upande wetu akaniambia sukari imekwisha. Naiona, gunia lile pale! (Kicheko.) Wiki mbili nilikunywa chai ya chumvi.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haya, mbio mbio: masheha, wale viongozi wa serikali vijijini na mitaani. Sheha hachaguliwi, anateuliwa na mkuu wa mkoa. Bila barua yake kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ni shida, na bila kitambulisho huandikishwi kupiga kura. Kwa hivyo kijijini uchaguzi unaanza mlangoni kwa sheha, mapema sana kuliko kituoni. Nilikuwa na kurasa nne juu ya hilo.

La wanawake na foleni za alfajiri naliacha, ingawa ndilo nililoliandaa khasa. Na uchaguzi wa 2020 msiniulize sasa, niulizeni nje, tukishakunywa chai. Yenye sukari.