Damu imemwagika wodini: kuchanganya klorini na kusafisha sakafu

Karibuni. Damu imemwagika kando ya kitanda, kama nusu kikombe hivi. Mwongozo umebandikwa ukutani na unasema vizuri tu: safisha kwanza, kisha takasa, yaani ua vijidudu kwa klorini. Tatizo ni kwamba wengi humimina klorini juu ya damu na kwenda zao. Damu huimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwenye vijidudu.

Tuanze na dawa, yaani klorini yenyewe. Soma lebo ya chupa: asilimia ya klorini, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tunataka mchanganyiko wa asilimia 0.5. Gawanya asilimia ya chupa kwa 0.5, kisha toa 1. Jibu ndiyo idadi ya sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Chupa hii ni ya asilimia 3.5. Ukigawanya unapata 7, toa 1, zinabaki 6. Kwa hiyo jagi moja la dawa kwa majagi sita ya maji, na jagi liwe lilelile. Chupa ya asilimia 5 ingetaka maji sehemu 9. Hapa ndipo wodi nyingi hukosea: zimekariri "moja kwa sita", stoo ikileta chupa ya nguvu nyingine, hesabu inabaki ya zamani. Mkiwa na klorini ya unga ya asilimia 70, pimeni gramu 7 kwa kila lita ya maji.

Vaa glavu, aproni na miwani, fungua dirisha. Tangulia na maji ya baridi kwenye ndoo ya plastiki, ndipo uongeze dawa. Usitie sabuni humo, wala dawa ya choo yenye asidi: hewa itakayotoka inaunguza mapafu. Funika, andika nguvu, tarehe na saa. Baada ya saa 24, mwaga.

Sasa sakafuni. Zuia watu wasipite, vaa glavu nzito na viatu vilivyofunika vidole. Kuna kioo kilichovunjika? Kiokote kwa koleo, kamwe si kwa vidole, ukitie kwenye sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano na vitu vyenye ncha kali. Funika damu kwa karatasi au vitambaa vya kufyonza, subiri vilowe, kisha vikusanye kutoka ukingoni kuelekea katikati. Tazama mkono unavyokwenda: ukianza katikati, doa linatanuka. Vyote viingie kwenye mfuko wa taka zenye maambukizi.

Osha sakafu kwa maji na sabuni, suuza. Ikiwa safi kwa macho, ndipo klorini iingie. Ilowanishe kabisa na uiache dakika 10, ikiwa bado mbichi. Ikikauka dakika ya nne, ongeza. Usipulize kwa bomba. Matone yanaruka hadi kwa mgonjwa. Muda ukiisha, suuza kwa maji safi, hasa palipo na chuma, kwa kuwa klorini hula chuma.

Mopu uliyotumia isirudi kwenye ndoo ya wodi nzima, ipelekwe kufuliwa. Vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, safisha mikono, vua aproni, kisha miwani kwa kushika nyuma, na umalizie kwa kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka sekunde 40 hadi 60.