Kabla ya Kununua Kiwanja Bagamoyo, Uliza Kodi ya Chumba

Ndugu zangu wa Bagamoyo, nanyi mliopanda magari alfajiri kutoka Dar, karibuni. Naanza na Mbegani, maana kila anayeuza ardhi upande huu huanza na Mbegani.

Ndipo ilipopangwa kujengwa bandari ya Bagamoyo, na makubaliano yake ya awali yalisainiwa Machi 2013. Jiwe la msingi likawekwa 2015. Mwaka 2019 mradi ukasimamishwa, 2021 mazungumzo yakafufuliwa. Aliyenunua shamba Zinga, jirani na hapo, kwa habari ile tu, fedha yake ililala muda wote huo huku akilipia mlinzi na kufyeka majani. Kuamini bandari halikuwa kosa. Kosa ni kununua kwa bei ambayo hakuna mpangaji wa kuirudisha.

Bei ya kiwanja inaweza kupandishwa na dalali mmoja mwenye simu. Kodi ya chumba haipandi mpaka apatikane mtu mwenye mshahara au duka, anayetaka kulala pale leo. Kwa hiyo ukifika Mapinga au Kerege, kabla ya kuuliza viwanja, uliza chumba kinapangishwaje, mwaka jana kilikuwa kiasi gani, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingapi. Anayetaka miezi sita akapata, soko lipo. Aliyezoea sita akianza kukubali mitatu, na chumba kikakaa kitupu wiki nane, soko limelegea hata kama viwanja vya jirani vimepanda.

Rudi tena usiku. Shika barabara moja ya mtaa, hesabu nyumba zenye taa na hesabu mapagala. Mapagala yakizidi, watu wamenunua lakini hawajahamia. Uliza pia daladala ya mwisho inapita saa ngapi, na kama maji ni ya bomba au ya boza. Na msimu wa masika urudi uone maji yanapopita.

Kisha piga hesabu. Nyumba ya shilingi milioni 60 inayopangishwa kwa 300,000 kwa mwezi, ikipata mpangaji miezi 11, inaingiza milioni 3.3. Toa kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali inayokatwa kwenye pango, asilimia 10, toa tuseme 450,000 za matengenezo, unabaki na kama milioni 2.5, yaani asilimia 4 na kidogo. Ilinganishe na riba ya hatifungani za serikali, yaani fedha unazoikopesha serikali, kabla hujakopa kujenga.

Sasa kununua ekari ili uikate viwanja vya kuuza, mahali wanaoanza wanapoumia sana. Ekari ni mita za mraba 4,047, na dalali atakwambia inatoa viwanja 10 vya mita 20 kwa 20. Ekari ya mraba ina upande wa kama mita 63.6. Vinaingia vitatu kwa vitatu, vinakuwa tisa, na cha katikati hakina njia ya kutokea! Ukipitisha barabara ya mita 8 katikati, unapata viwanja 8 vya takriban 16 kwa 28. Gharama za ununuzi na upimaji zigawe kwa 8 hivyo, ndipo upange bei ya kuuzia.

Kwenye makaratasi, mhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia mauziano tu, haukupi hati. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, uone mmiliki aliyeandikishwa ni nani. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo angalia iliyobaki. Muuzaji mwenye mke au mume alete ridhaa ya maandishi. Ufukweni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60, na nyumba ya kudumu haijengwi humo.

Mwisho nenda uwanjani na mpimaji. Namba ya kila bikoni, yaani jiwe la mpaka, ilingane na ya ramani ya upimaji. Bikoni moja ikiwa imeng'olewa, malipo yasubiri mpaka irudishwe.