Ngoma Hailipi Rejesho

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya jamii na sanaa, Mwanza. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Mwangaluka! Haya, wabeja. Naomba waliokaa kule nyuma karibu na mlango wasogee mbele, viti vipo, na mheshimiwa diwani nakuona umekaa pembeni kabisa kama mtu anayepanga kutoka mapema, tafadhali sogea, leo tunakuhitaji wewe kuliko hata mimi.

Wanaonijua wanajua ntasema nini. Mwenyekiti kaninong'oneza kabla sijasimama, eti mzee leo lete kitu kipya. Sina kitu kipya. Nikijibiwa hiki cha zamani ntaleta kipya. Hoja yangu ni ileile: halmashauri zetu, Jiji, Ilemela, na wenzetu wa Magu, Misungwi, Ukerewe, ziwe na kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, ya ruzuku kwa ajili ya kuimarisha vikundi na vyama vya jamii ambavyo havifanyi biashara. Nasema ruzuku, hela ambayo hairudi. Na iende kwenye chama chenyewe, kwenye uti wake wa mgongo, isiishie kwenye shughuli ya siku moja yenye maturubai na MC.

Asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inaitenga kwa mikopo ya vikundi, wote mnaijua. Nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, imeingia kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa tangu 2018, haina riba, kitu kizuri, na nisije nikanukuliwa huko nje kwamba naipinga. Mama wa Mwaloni anakopa, ananunua dagaa, anauza, anarudisha, hiyo imekaa sawa. Lakini kikundi cha ngoma kinauza nini? Wale wanaofundisha watoto kusoma Jumamosi kule Mabatini wanauza nini? Ukimkopesha mtu ambaye kazi yake haizai hela, hujamsaidia, umemtengenezea deni.

Sasa nitoe kisa changu, waliokisikia wavumilie maana kila nikikisimulia nakumbuka kitu kingine.

Kuna kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya Wasukuma ya majembe, sitakitaja, na halmashauri yake sitaitaja, iko hapahapa kanda ya ziwa, inatosha. Ni cha siku nyingi. Manju wao ana miaka sitini na kitu, mtu ambaye akianzisha wimbo hata waliokuja kuuza karanga wanasahau karanga zao. Kuna wamama wa kuitikia, vijana wa kurusha majembe juu na kuyadaka, na wazee wawili wa ngoma kubwa. Mwenge ukipita wanaitwa. Waziri akija wanaitwa. Wanacheza juani kuanzia saa mbili asubuhi wakati mgeni anafika saa saba, wanapewa soda na nauli, na hiyo nauli kuna siku inafika wiki inayofuata. Hapo hakuna anayeuliza hiki kikundi kinaishije tangu mgeni huyu mpaka mgeni yule. Ni kumlisha ng'ombe siku ya kukamua tu.

Basi ngozi za ngoma zikapasuka. Mnajua ngoma zinawekwa wapi? Chini ya kitanda cha mweka hazina, chumba cha kupanga, bati linavuja. Wakaenda ofisi ya maendeleo ya jamii wakasema tunaomba msaada, vifaa vimechoka. Afisa wa pale ni mtu mwema kabisa, sina ugomvi naye, akafungua mwongozo wake akasema msaada hamna ila mkopo upo, haya, ninyi ni kundi gani? Wanawake? Vijana? Watu wenye ulemavu? Wakaangaliana. Wao ni wacheza ngoma.

Mnacheka, lakini fikirieni. Kikundi cha utamaduni kinachofanya kazi yake sawasawa ni lazima kiwe na wazee na vijana humohumo, wanawake na wanaume humohumo, maana mzee yuko pale kumfundisha kijana na kijana yuko pale kumpokea mzee. Sasa utaratibu unawaambia jikateni vipande. Wakajikata. Wazee wakafutwa kwenye orodha, manju naye akafutwa, kwenye kikundi alichokianzisha mwenyewe! Wakabaki wamama peke yao. Katiba mpya wakachapiwa stationery, ile ambayo kijana wa kompyuta anayo tayari anabadilisha jina la kikundi tu, na mimi nimeisoma, ukurasa wa tatu bado pameandikwa "wanachama watapatiwa vifaranga". Hawakuwa na mpango wowote wa kuku. Mpango wao kwenye andiko, kwa sababu andiko linataka mradi wa kuzalisha, ulikuwa sabuni ya maji.

Wacheza ngoma wakaanza kutengeneza sabuni ya maji, kwenye mji ambao kila mtaa una mtu anatengeneza sabuni ya maji. Haikutoka. Rejesho likaanza kudaiwa.

Mweka hazina alinionyesha kaunta buku lake. Amelifunga kwenye mfuko wa nailoni mara mbili kwa ajili ya lile bati. Kushoto peni ya bluu, kinachoingia. Kulia peni nyekundu, rejesho. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyefundishwa na walimu wa zamani. Ile bluu inakwenda hivi: harusi Igoma, msiba Buhongwa, harusi tena, kumpokea mgeni, na mbele yake hapo hamna kiasi, kaandika "soda". Afu kuanzia ukurasa fulani unaona: kuuza njuga. Kuuza ngoma ndogo. Kuuza njuga zilizobaki. Yaani walikuwa wanauza vifaa vya ngoma ili walipe mkopo waliouomba kwa sababu ya vifaa vya ngoma. Mheshimiwa, hapo naomba uandike.

Kuna mtu atasema, si walidanganya kwenye andiko? Walidanganya, ndiyo. Sasa wangeandika nini? Wangeandika tunataka ngozi mbili za ng'ombe na sehemu kavu ya kuwekea ngoma, fomu ingerudi siku ileile.

Mwingine, na huyu hakosekani, atasema mababu zetu walicheza bila ruzuku ya mtu. Nampenda huyu. Ni kweli Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, wameshindana miaka nenda rudi, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja na kundi litakalovuta watu wengi ndilo limeshinda, hamna jaji, hamna cheti. Lakini walicheza baada ya mavuno, chakula kiko ghalani, uwanja ni wa wote na hakuna anayedai kodi ya chumba. Leo mcheza ngoma wa Nyakato ni bodaboda, akija mazoezini ameacha abiria. Na tuseme ukweli, kundi linataka kusajiliwa, linalipa. Linataka kibali, linalipa. Kwa hiyo hela kati ya serikali na wasanii ipo tayari, ila inatembea upande mmoja.

Tena angalia kilichodumu. Bujora, pale Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, yamesimama tangu enzi za Padri David Clement miaka ya 1950, na sikukuu ya Bulabo ya mwezi Juni bado inajaza watu. Kwa nini pamedumu? Watu wanasema mapenzi ya utamaduni. Mapenzi yapo hata kwa yule mzee aliyefutwa kwenye orodha. Pale Bujora nyuma kuna Kanisa, kuna kiwanja chenye hati, kuna paa, kuna mtu ambaye kazi yake ni kufungua mlango asubuhi na kufunga jioni. Vikundi vyetu havina Kanisa nyuma yao. Vina chumba cha mweka hazina.

Na wakulima wa pamba wa huku waliielewa hii zamani kuliko sisi. Kabla ya chama kikubwa walianza na jambo dogo tu, mizani. Walihisi wanapunjwa wakiuza pamba, wakajichangisha wakaweka watu wao wasimame pembeni ya mizani waangalie. Watu wa kulipwa! Hawakusema ajitolee nani. Kutoka kwenye vyama hivyo akina Paul Bomani wakafika kwenye ule muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, 1955, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika, na ulikuwa na makarani, maghala, vitabu vya hesabu. Kilichokuja kutokea 1976 serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika ni mhadhara mwingine, wazee hapa mbele mnaujua kunizidi. Ninachotaka ni kwamba mkulima asiyejua kusoma alielewa kuwa karani analipwa. Sisi wenye simu mbili mbili tunaona aibu kuweka mshahara wa karani kwenye bajeti, tunauficha kwenye "uratibu".

Wafadhili ndio walitufundisha hivyo. Mfadhili analipia mradi, semina, chai, fulana, usafiri, ukimwambia kodi ya ofisi anakunja uso. Januari 2025 Wamarekani wakasimamisha misaada, mmeona wenyewe kilichotokea, shirika lilikuwa na magari na banda la mikutano, ndani ya wiki chache watu wako nyumbani, kwa sababu lilikuwa ni miradi tu imepangwa juu ya miradi, chini hamna kitu.

Sasa "hela zitaliwa". Nilijua itakuja, naona mzee kule anatikisa kichwa. Hebu tuambiane, mikopo haikuliwa? 2023 serikali si ilisimamisha hiyo asilimia kumi ndipo 2024 ikarudishwa kwa utaratibu mpya? Kwa hiyo kuita hela mkopo hakuizuii kuliwa. Inayoizuia ni hesabu, na hesabu zinataka mtu anayejua hesabu, na mtu huyo ndiye ninayemuombea ruzuku. Sheria ya NGO ya 2002, pamoja na marekebisho ya 2019, inataka taarifa ya kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Mkaguzi hakagui kwa soda. Shirika dogo la akina mama wanaolea yatima linashindwa kumlipa mkaguzi, linachelewa taarifa, linakuwa na kosa kwa msajili, na likiwa na kosa halipati mfadhili, na lisipopata mfadhili mkaguzi atalipwa na nani? Tuweke mhasibu mmoja kwa vikundi kadhaa kwenye kata, alipwe na ruzuku ya halmashauri, apite kwa zamu. Hicho tu. Hata kama mengine yote mtayakataa, nipeni hicho.

"Halmashauri haina hela." Sawa. San Francisco, Marekani, tangu 1961 sehemu ya kodi ya mahoteli inakwenda kwa vikundi vya sanaa, na vinaruhusiwa kuitumia kwa uendeshaji wa kawaida, umeme, mishahara, kodi. Mgeni akilala hoteli analipia na ngoma atakayoiona kesho. Denver, hukohuko Marekani, na wilaya jirani wananchi walipiga kura 1988 wakakubali senti moja katika kila dola 10 ya manunuzi iende kwenye taasisi za sayansi na utamaduni, walijitoza wenyewe. Najua, najua, ni matajiri. Lakini sijaomba kiasi chao, naomba mfumo wao. Ushuru wa nyumba za wageni mnaukusanya tayari, na guesti za Mwanza hii sihitaji kuwahesabia. Tengeni kipande. Hata kiwe kidogo kiasi cha kuchekesha, kikiwa na kasma yake kitakuja kuongezwa, kisipokuwa na kasma hakiongezeki kitu.

Na tuna miji rafiki, Würzburg ya Ujerumani tangu 1966, Tampere ya Finland tangu 1988. Wageni wao wakija tunawachezea bugobogobo. Siku moja katika hizo ziara waheshimiwa wetu wakienda huko wawaulize wenzao manispaa inavyosaidia vyama vya wananchi, badala ya picha za miradi ya takataka na maji peke yake, ingawa takataka nazo ni muhimu, sikatai.

Kuna wa kusema upo mfuko wa taifa wa utamaduni na sanaa. Upo. Unakopesha. Tumerudi palepale.

Naonyeshwa dakika tano, na mwenyekiti ukinionyesha tano najua ni mbili. Nilitaka kuongelea kumbi, kwa nini ukumbi wa umma unakaa umefungwa wiki nzima na vikundi vinafanya mazoezi barabarani, naiacha. Nilitaka kuongelea nani akae kwenye kamati ya kugawa, kwa kifupi, diwani asiwe mwenyekiti, samahani mheshimiwa, na majina ya waliopata na kiasi chao yabandikwe kwenye ubao wa kata. Maktaba za mitaa, michezo ya watoto, naziacha pia.

Cha mwisho ni tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi lakini bajeti haipikwi Juni, Juni ni kelele za Dodoma. Halmashauri inaanza kuchukua maoni mapema kabisa kutoka mitaani, inapanda kata, inafika kwa madiwani miezi ya mwanzo ya mwaka. Kwa hiyo mkija kwangu Mei mnalia, mmechelewa. Mkutano wa mtaa ukiitwa, nendeni, hata kama ajenda imeandikwa ulinzi shirikishi, nyoosheni mkono kwenye mengineyo, hakikisheni mtendaji ameandika kwenye muhtasari neno ruzuku, na asomewe tena kabla hamjafunga mkutano, maana nimeona mihtasari ambayo ruzuku iligeuka mkopo njiani.

Karatasi iko pale mlangoni kwa dada mwenye kilemba cha kijani, andikeni jina la kikundi, kata, na mna nini na hamna nini. Msiandike "tunahitaji kuwezeshwa". Andikeni ngozi, bati, kabati lenye kufuli, mhasibu. Tutaipeleka kwa mkurugenzi na nakala tutabaki nayo. Maswali sasa, naona mikono, mama wa kitenge anza wewe. Ila iwe swali, hotuba nimeshamaliza mimi.