Galaksi Iliyo Utosini mwa Kayabwe

OKELLO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kampala, Gulu, Arua na popote mlipo. Dada Zaina, juzi nilikupigia simu saa mbili usiku ukanijibu kwa sauti ya kubanwa. Ulikuwa wapi?

ZAINA: Kayabwe, kaka Okello. Pale ikweta inapoikata barabara ya Masaka. Mchana watu wanangoja zamu wapigwe picha ndani ya yale maduara meupe ya saruji, lakini usiku ni malori tu yanayopita. Nilitandika mkeka, saruji bado ina joto la jua. Nilikuwa nimeazima darubini ndogo ya miguu mitatu, nikaielekeza juu kabisa. Ikisimama wima hivyo, lazima upige magoti na kukunja shingo. Ndipo simu yako ikaingia.

OKELLO: Huko juu kuna nini?

ZAINA: Kuna galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, inayoitwa Messier 77. Katikati ya Januari, mnamo saa mbili usiku, inapita karibu sawasawa na utosi wa mtu aliyesimama Kayabwe, kwa sababu angani nayo iko karibu kabisa na mstari unaopita juu ya ikweta yetu. Kule Ulaya wanaiona imeinamia kusini. Sisi tunaiona wima, mahali ambapo hewa ya kuchungulia ni kidogo kuliko pengine popote. Hilo linanigusa sana.

OKELLO: Na uliiona?

ZAINA: Niliona doa la ukungu, kama pumzi ya mtu kwenye kioo, na katikati nukta inayong'aa. Nukta ile ndiyo habari yenyewe. Mfaransa Pierre Méchain aliligundua doa hilo mwaka 1780, Charles Messier akalipa namba 77 katika orodha yake. Mwaka 1943 Mmarekani Carl Seyfert akaandika kuhusu galaksi chache zenye viini ving'avu ambamo gesi inakwenda kasi ya ajabu, hii ikiwa mojawapo. Mpaka leo galaksi za namna hiyo zinaitwa kwa jina lake.

OKELLO: Lakini ulishatuambia kwamba ndani ya kiini kama hicho kuna shimo jeusi, lenye mvutano unaomeza kila kitu, na kwamba halitoi nuru.

ZAINA: Halitoi. Kinachong'aa ni kile kinachoelekea kumezwa. Umefika maporomoko ya Murchison?

OKELLO: Nimefika. Nilisimama pale juu nikalowa chepechepe.

ZAINA: Basi unajua. Nile yote ile inabanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi, mpaka maji yananguruma na kutoa moshi. Messier 77 ina mikono inayojisokota, lakini katikati nyota zimejipanga kama ufito ulionyooka. Ufito unaivuruga gesi, gesi inapungukiwa na mwendo wa kuzunguka, inaporomoka ndani. Huko inabanwa, inasuguana, inapata joto mpaka inawaka. Shimo lenyewe lina uzito wa mamilioni ya majua. Galaksi yetu nayo ina ufito, na shimo la majua kama milioni 4, ila limetulia.

OKELLO: Kwenye simu ulisema kiini hicho kimefichwa.

ZAINA: Kimezingirwa na gesi na vumbi zito, nasi tunakitazama kwa ubavuni. Nuru nyingi haipenyi. Lakini kuna chembe ziitwazo nyutrino, hizo hazizuiwi na vumbi wala na Dunia yenyewe. Kwenye Ncha ya Kusini kuna mtambo uitwao IceCube: vipokezi zaidi ya 5,000 vimezikwa ndani ya barafu, kuanzia kina cha karibu kilomita moja na nusu. Mwaka 2022 wataalamu wake walitangaza kwamba katika vipimo vya karibu miaka 10 wamepata nyutrino zipatazo 79 zilizotoka Messier 77.

OKELLO: Sabini na tisa tu?

ZAINA: Hizo ndizo zilizoacha alama. Nyingine zisizo na idadi zinapita bila kugusa kitu. Pale Kayabwe, galaksi ikiwa utosini, zinaingia kichwani, zinatokea kwenye nyayo, zinaipasua Dunia mpaka Bahari ya Pasifiki upande wa pili. Nilipolifikiria hilo nilivua viatu. Nilivua tu.

OKELLO: Zimesafiri muda gani?

ZAINA: Karibu miaka milioni 47, sawa na nuru. Yale mabaki ya nyani mkubwa wa kale yaliyochimbwa Moroto, kule Karamoja, yana umri wa miaka kama milioni 20. Mnyama yule alipokuwa akipanda miti Karamoja, nuru niliyoiona juzi ilikuwa imeshavuka nusu ya safari.

OKELLO: Dada, na mimi nataka kuiona.

ZAINA: Twende kabla mvua hazijarudi, usiku usio na mwezi. Njoo na mkeka wako.

OKELLO: Nitakuja na binti yangu. Ana miaka saba, atafikia jicho la darubini bila kupiga magoti.