Kumsaidia Mwanafunzi Aliyeteswa kwa Jina la Ukaribisho

Mhadhara uliotolewa Kampala mbele ya walezi wa mabweni, viongozi wa gildi (serikali ya wanafunzi) na wanafunzi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, walezi wa mabweni, viongozi wa gildi, na ninyi wanafunzi mliokuja ilhali mitihani inabisha hodi: asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie msaada anaoweza kuupata chuoni mwanafunzi aliyeteswa au kudhalilishwa na wenzake kwa kisingizio cha kukaribishwa bwenini, katika timu au katika chama. Sitapoteza muda kuthibitisha kwamba mambo haya yapo. Aliyepitia sekondari ya bweni, iwe hapa kwetu au ng'ambo ya mpaka huko Kenya ambako mgeni huitwa mono, anayajua: kuamshwa usiku wa manane, kufulishwa nguo za wakubwa, kuimbishwa mbele ya watu ukiwa nusu uchi. Chuoni huongezeka pombe, na huongezeka simu inayorekodi.

Hoja yangu ni kwamba tumeufunga msaada pamoja na mashtaka, na kwa kufanya hivyo tumewafukuza wale wale tunaodai kuwasaidia. Kijana anafika ofisini sikio limevimba, na swali la kwanza analoulizwa ni, "Nani amekupiga?" Akinyamaza, anaambiwa arudi atakapokuwa tayari kusema ukweli. Lakini huyo anayetakiwa kumtaja analala kitanda cha juu katika chumba kile kile, na usiku utaingia kabla kamati ya nidhamu haijakaa. Hata kabla ya kuulizwa, kuna lile benchi la nje ya ofisi, lililowekwa kwenye njia ya kwenda kwenye chumba cha chakula. Ukilikalia dakika chache tu mchana, jioni bweni zima linajua ulikwenda kushtaki. Mimi siamini kwamba vijana wetu ni waoga. Naamini wamepiga hesabu yao vizuri.

Hesabu hiyo haipigwi Uganda pekee. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2008, uliowafikia wanafunzi zaidi ya 11,000 katika vyuo 53, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliokuwa katika vilabu, timu na vyama walikuwa wamefanyiwa vitendo vya aina hii. Na miongoni mwa wale waliotambua wazi kwamba walichofanyiwa ni unyanyasaji, asilimia 95 hawakuripoti kwa wakuu wa chuo. Wengi zaidi hawakuutambua hivyo kabisa, kwa kuwa waliambiwa, na wakajiambia, kwamba walikubali wenyewe. Sijui ni ridhaa gani anayoweza kuitoa mtoto wa miaka 18 aliyefika juzi kutoka Arua na sanduku moja, wakati wakubwa wa bweni wamejaa mlangoni wakipiga makofi.

Basi mwenye kutaka msaada aanzie wapi? Kwa maoni yangu, aanzie kwa mtu ambaye kazi yake si kuadhibu. Zahanati ya chuo inatibu jeraha, na mshauri nasaha anasikiliza. Wote wawili wanaweza kufanya kazi yao bila kujua jina la mtesaji. Hata hivyo, mshauri aseme mapema mpaka wa siri yake: kama maisha ya mtu yamo hatarini, hawezi kunyamaza. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo tangu mwanzo huamini zaidi kuliko aliyeahidiwa siri isiyo na mwisho kisha akakuta mambo yake yamefika kwa mkuu wa kitivo.

Yako mambo mawili yasiyosubiri. Aliyeingiliwa kimwili anatakiwa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya kinga hiyo. Kwa hiyo hospitali inatangulia, maelezo yatafuata. Na aliyenyweshwa pombe hadi haamshiki hafai kuachwa "alale itoke". Mlazeni ubavu, mmoja wenu abaki naye, mwingine atafute gari la kumpeleka hospitali. Februari 2017, katika chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe nyingi usiku wa kupokelewa katika chama cha wanafunzi, akaanguka ngazi, na wenzake wakakaa naye takriban saa 12 kabla ya kuita msaada. Alikufa. Naamini waliokuwa naye waliogopa kulaumiwa, na hofu hiyo hiyo ndiyo ninayoiona hapa, kwa sababu tumewafundisha wanafunzi kwamba anayepiga simu ndiye wa kwanza kuhojiwa.

Mashtaka yana nafasi yake, nayo mwanafunzi aijue hata kama hataitumia leo. Aliyepigwa aombe polisi fomu namba 3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Kwa makosa ya kingono iko 3A. Fomu hizo haziuzwi, hata kama mtu kwenye kaunta atakwambia vingine. Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 24, inakataza mateso na kumtendea mtu kwa namna ya kumdhalilisha, na Sheria ya Kuzuia na Kupiga Marufuku Mateso ya mwaka 2012 haiwahusu askari na maafisa peke yao. Inamgusa pia anayetesa kama mtu binafsi. Asiye na fedha za wakili anaweza kubisha hodi katika kliniki ya msaada wa kisheria ya Law Development Centre, chuo kinachofunza mawakili, na Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda hupokea malalamiko. Wenzetu wa India wamekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2009 kanuni zao zinakitaka kila chuo kuwa na kamati ya kuzuia vitendo hivi, na iko simu ya kitaifa inayopokelewa usiku na mchana. Uzuri wa simu hiyo ni kwamba anayeipokea hakai bweni moja na mtesaji.

Kwenu viongozi wa gildi nitasema kidogo, maana kura zenu hutoka mabwenini na ni vigumu kumkemea aliyekupigia kampeni. Mila za mabweni si adui. Undugu wa mabweni ya Lumumba na Mary Stuart pale Makerere ni sehemu ya historia ya chuo, na hakuna anayetaka kuufuta. Tunachokikataa ni mateso yanayofanywa kwa jina la undugu, na hayo ndiyo ninayowaomba myakemee.

Linalonisumbua zaidi ni hosteli za binafsi. Wanafunzi wengi siku hizi wanaishi Kikoni, Wandegeya na kwingineko nje ya geti, ambako mlezi wa bweni hana mamlaka na kastodiani, yaani msimamizi wa hosteli, ni mwajiriwa wa mwenye nyumba, anayeogopa kupoteza wapangaji. Chuo kinaweza kuandika katika masharti ya kuzitambua hosteli hizo kwamba mwanafunzi aliyeteswa atahamishiwa chumba kingine usiku huo huo, bila kulipishwa upya na bila kutaja mtu. Chumba cha akiba kinagharimu chini ya kikao kimoja cha kamati ya nidhamu, na ningependa Mkuu wa Wanafunzi atuambie leo kama jambo hilo linawezekana kabla ya muhula ujao.

Sasa ni zamu ya maswali. Karatasi zinapita katika safu. Anayependa kuuliza kwa maandishi aandike bila jina, akunje, na nitazisoma mwenyewe.